Springi Ngumu Si Nguvu

Wikendi ikigonga, Kanairo inamwagika. Kuna mbogi inashuka Vasha, kuna ingine inadandia SGR hadi Mombasa, inavuka feri ya Likoni na kujitupa Diani. Siku hizi picha ya kubamba si ile ya kusimama kando ya dimbwi la hoteli ukishika glasi ya juisi. Ni ile ya kukaa ndani ya bagi, ile gari ndogo ya porini, miwani mikubwa machoni, leso puani, vumbi limekuchapa hadi kope zimegeuka nyeupe. Hiyo luku huipati Gikomba, huipati Toi. Lazima uifuate porini.

Sasa cheki hizo bagi zikiwa zimepangwa, zinangoja kutoka. Zote ni za Mchina, zote ni sisi 150, zote zina rangi za kupiga kelele. Wasee wanakanyaga mafuta. Ya kwanza inatoka nduki, mchanga unaruka. Ya pili inapiga nduru hadi unaziba masikio, lakini mwendo hakuna. Ya tatu inatetemeka, inajivuta, inataka kuzima. Injini ni aina moja, tairi ni saizi moja, petroli imetoka stesheni moja. Kenye kinazitenganisha kiko kando ya injini, chini ya kile kifuniko kirefu: belti, rola na springi.

Na ukigusia springi tu, stori za jaba zinaanza. "Weka nyekundu, buda." "Weka ile ngumu kabisa, itapaa." Ghafla kila mtu ni injinia. Wacha niwachapie ukweli mapema ndio tusipotezeane muda: hakuna springi imewahi kuongezea injini nguvu. Inaamua tu nguvu zenye uko nazo zitafika kwa tairi saa ngapi, na injini ikiwa kwa revu gani. Ukiweka ngumu bila kujua inafanya wera gani, umenunua kelele na harufu ya mpira ukiungua.

Belti si ya watoto

Injini yenye iko kwa bagi nyingi za aina hii inaitwa GY6. Mchoro wake ulitoka Honda miaka ya 1980, halafu viwanda vya Taiwan na China vikaunda hadi ikajaa kila kona ya dunia. Ile ya 150 ina sisi 149.6 kamili. Nguvu yake inafika kilele karibu na revu 7,500, lakini ule msukumo wa kukutoa kwa mchanga uko chini kidogo, kati ya revu 5,500 na 6,000. Hizo namba zishike, tutazirudia. Na ju injini hiyohiyo iko kwa skuta mob za town, kenye utajifunza hapa kitakusaidia hata kama bagi yako bado iko kwa ndoto.

Nguvu za hii injini zinapitia gia ya belti, na wasee wanaidharau ati ni ya kwenda nayo soko. Tulia. DAF ya Uholanzi ilitoa gari ya belti mwaka wa 1958. Venye mfumo wake ulikuwa, gari ingeweza kurudi nyuma karibu na spidi ile ya kwenda mbele, hadi Waholanzi wakaanzisha mbio za kurudi rivasi. Mwaka wa 1993 timu ya Williams ikaweka gia ya aina hiyo, yenye belti ya chuma, ndani ya gari ya Formula 1, na David Coulthard akaijaribu. Kabla haijashindana hata mbio moja, kanuni za 1994 zikaipiga marufuku. Na kwa mbio za Dakar, zile bagi za watu wawili zilipewa kundi lao mwaka wa 2017. Tangu 2020 mbio hizo ziko Saudia, kwa mchanga usio na mwisho, na hao madereva hawatoki bila belti za akiba. Kwa hivyo ukiskia mtu anacheka belti, mwambie apunguze mdomo.

Springi mbili, wera mbili

Hapa ndipo wasee wengi hupotea. Ukisema "springi ya klachi," kwa bagi ya GY6 unaweza kuwa unabonga kuhusu vitu viwili tofauti kabisa.

Anza mbele. Kwa kranki kuna puli inaitwa varieta, na ndani yake kuna rola sita. Injini ikizunguka haraka, rola zinatupwa nje, zinasukuma upande mmoja wa puli uende karibu na mwingine, na belti inalazimika kupanda juu. Belti ni ya urefu uleule, haivutiki. Kwa hivyo ikipanda mbele, lazima ishuke nyuma. Hivyo ndivyo unabadilishiwa gia bila kugusa kitu.

Nyuma ndipo springi ziko. Ya kwanza ni ile kubwa, nene, yenye imebana puli ya nyuma ifungike. Belti ikitaka kuzama katikati ya puli hiyo, inapigana na springi kubwa. Springi ikiwa laini, gia inapanda haraka. Ikiwa ngumu, gia inachelewa, injini inakaa kwa revu za juu kwa muda mrefu. Pia ndiyo inarudisha gia chini ukikutana na kilima, ikisaidiwa na mifereji ya mshazari na pini zenye ziko ndani ya puli: tairi likikataa kuzunguka, zile pini zinateleza kwa mfereji na kukaza puli zaidi. Ndiyo maana bagi yenye springi nzuri haifi ukigonga mlima ghafla, inarudi chini yenyewe na kuendelea.

Halafu kuna zile ndogo tatu. Hizi ziko kwa shuu za klachi, zinazivuta ndani zisiguse ngoma. Injini ikiwa sailensa, yaani imewaka bila kukanyagwa mafuta, shuu zimelala na bagi imesimama. Ukikanyaga, shuu zinatupwa nje, zinashinda zile springi, zinashika ngoma, unatoka. Springi ndogo ndio makanga wa hii mat: hadi agonge bodi, dere hatoi gari steji. Lakini mkishatoka, makanga hana usemi kuhusu spidi. Hiyo sasa ni wera ya springi kubwa na rola.

Kwa hivyo msee akikuambia bagi yake inachelewa kutoka, hiyo ni kesi ya springi ndogo. Akisema inatoka poa lakini inakufa kwa kilima, hiyo ni springi kubwa au rola. Usichanganye faili.

Ngumu sana, laini sana

Madukani utapata springi zimeandikwa 1000, 1500 na 2000. Usidhani ukiweka 1500 umeongezewa revu 1,500 juu ya zenye ulikuwa nazo. Hizo namba ni za kulinganisha tu, na ile ya 1000 kwa kawaida iko karibu na yenye ilikuja na mashine. Rangi nayo ndiyo hatari zaidi, ju kila kiwanda kinapaka venye kinataka. Nyekundu ya huyu inaweza kuwa laini kuliko njano ya yule. Ukinunua kwa rangi, umecheza kamari.

Springi ndogo zikiwa laini sana, bagi inatambaa ikiwa sailensa, inakuvuta hata hujakanyaga, na ukikanyaga inakamata mapema kabla injini haijapata msukumo. Inajivuta. Zikiwa ngumu sana, inabidi upandishe revu mob ndio isonge. Kwa mchanga hiyo inaweza kuwa raha, unatoka ukiwa karibu na ile 5,500 yenye injini inapenda. Lakini jaribu kutambaa polepole kwa mawe na hizo springi. Shuu zinateleza kwa ngoma bila kushika vizuri, joto linapanda, shuu zinakuwa na uso wa kioo, na ngoma inageuka bluu. Ukiona bluu, chuma kimepikwa.

Springi kubwa ikiwa laini sana, gia inapanda kabla ya wakati, revu zinaanguka, na belti inaweza kuteleza ju haijabanwa. Ikiwa ngumu sana, injini inapiga nduru muda wote, topu spidi inapotea ju puli ya nyuma haifunguki hadi mwisho, belti inachoka, na zile rola za mbele zinalika upande mmoja ju zinapigana na kitu hazikuundwa kupigana nacho. Hiyo ndiyo ile bagi ya pili, yenye kelele bila mwendo. Mwenyewe alienda dukani akaomba ngumu kuliko zote.

Diani si Vasha

Hii ndiyo sehemu yenye inanibamba zaidi, na wauzaji wengi hawakuambii.

Diani iko usawa wa bahari. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu. Huko juu hewa ni nyepesi, imepungua kwa karibu asilimia 17, na injini ya kawaida isiyo na taabo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Bagi yenye ilikuwa inapaa Diani, ukiibeba na lori hadi Vasha, itaanza kulia. Kabureta inamwaga petroli nyingi kuliko hewa yenye iko, moshi mweusi, plagi nyeusi. Rola nazo hazijui ziko Bonde la Ufa. Zinapanga gia zikidhani injini bado ina misuli ya pwani, inalemewa, revu zinaanguka, mnabaki mkisukumana na kilima.

Msee asiyejua atakimbilia springi ngumu papo hapo. Mwenye rada ataanza na kabureta, aweke jeti ndogo kidogo ndio mchanganyiko ukae sawa. Halafu ataenda kwa rola, apunguze gramu moja hivi kwa kila rola, ndio injini ipate kupumua na kurudi kwa revu zake. Springi kubwa anaigusa mwisho, ikiwa bado gia inachelewa kurudi chini kwa mlima. Rola ndizo zinaamua injini itakaa kwa revu gani ukiwa umekanyaga hadi mwisho. Springi kubwa inaamua sana venye gia itarudi na venye belti itabanwa. Ukitumia springi kutibu ugonjwa wa rola, utapona upande mmoja na uugue mwingine.

Na ardhi pia inasema. Mchanga wa Diani ni mzito, unanyonya tairi, unataka utoke na revu na ubaki nazo. Vumbi la Vasha, lile laini lenye mashabiki wa Safari Rally wanalijua tangu mbio zirudi kwa kalenda ya dunia mwaka wa 2021, linaingia kila penye kuna tundu. Likifika ndani ya kifuniko cha belti, linakuwa msasa. Unaweza kulaumu springi mwezi mzima na kumbe ni kichujio cha hewa cha gia kimeziba, belti inapikwa ndani ju haipati baridi.

Kufungua bila kujiumiza

Ukiamua kuingia ndani, ingia na heshima. Injini iwe baridi, funguo mfukoni mwako, waya ya plagi imetolewa. Kuna wasee wameacha vidole kwa puli ju beste yao alijaribu stata "kidogo tu".

Bolti za kifuniko ni za spana ya nane. Zipange chini kwa mpangilio wenye zilitoka, ju urefu haufanani. Toa ngoma, kisha utoe puli ya nyuma yote na klachi yake. Sasa sikiza vizuri: ile nati kubwa nyembamba yenye imeshika klachi ndiyo inazuia springi kubwa isiruke. Ukiifungua bila kubana, springi itatoka na itatafuta meno yako. Kandamiza na goti au kibano, mtu wa pili afungue nati, halafu uachilie pole pole. Miwani ya kupigia picha porini, hapa ndipo inafanya wera yake ya kweli.

Springi ndogo badilisha zote tatu, za aina moja. Ukichanganya, shuu moja itashika kabla ya zingine na bagi itatetemeka kila ukitoka. Shuu zenye uso wa kioo zipitishe msasa kidogo. Grisi weka tu kwa ile mifereji ya pini, kiasi kidogo sana. Tone likigusa belti au shuu, safisha kabla hujafunga.

Wakati wa kurudisha, kuna kosa moja linaua kranki. Fungua puli ya nyuma na mikono, zamisha belti katikati yake ndio ipate ulegevu mbele. Ukifunga nati ya varieta belti ikiwa imebanwa kati ya pande za puli, utahisi nati imekaza vizuri, kumbe imekazia juu ya belti. Ukiwasha, belti inatulia, nati inalegea, na meno ya kranki yanaliwa. Hiyo si ganji ya springi tena, hiyo ni ganji ya injini. Na cheki mshale kwa belti, uangalie upande wa kuzunguka.

Kwa zile go-kati na mashine zingine za belti, maisha ni rahisi kidogo. Puli yao ya nyuma ina matundu, na ncha ya springi inakaa kwa tundu moja. Unahamisha tundu moja, springi inajipinda zaidi au kidogo, mkazo unabadilika bila kununua kitu. Tundu moja kwa wakati. Zile kubwa za ganji ndefu, Polaris na Can-Am, springi ya mbele ina namba mbili: ya kwanza ni mkazo wa kuanzia, ya pili ni mkazo wa mwisho. Ya kwanza inaamua klachi itakamata lini, ya pili inaamua gia itasumbuliwa kiasi gani ikielekea juu. Na kama mashine yako ina gia ya L na H, weka L ukitambaa kwa mawe au ukivuta mzigo. Belti itakushukuru kuliko springi yoyote.

Makapeni kushinda mdomo

Sasa utajuaje umepatia? Si kwa kuskia beste akisema "eeh, imebadilika". Chukua makapeni, chora mstari kwa uso wa puli ya mbele, kutoka katikati hadi ukingoni. Funga, toka, kanyaga hadi mwisho penye ni salama, urudi, ufungue. Penye belti imefika, wino umefutika. Ikiwa wino umebaki juu karibu na ukingo, belti haijapanda hadi mwisho: springi kubwa ni ngumu sana, au rola ni nyepesi sana, au belti imelika imekuwa nyembamba. Hiyo ndiyo ripoti ya kweli, na haina siasa.

Ongeza ile mita ndogo ya revu yenye unazungushia waya ya plagi. Ukikanyaga fulu kwa kilima, namba ikae karibu na penye injini ina nguvu. Ikianguka chini ya 5,500, gia inapanda mapema. Ikipita 8,000 na bado hamuendi, gia imekataa kupanda. Jaribia kilima kilekile, abiria yuleyule, na ubadilishe kitu kimoja pekee. Ukibadilisha rola na springi siku moja, hutawahi kujua ni gani ilikusaidia.

Wera iko hapa

Wasee wa Kirinyaga Road, pale Grogan, wanaweza kukupangia injini ya matatu wakifunga macho. Lakini fundi mwenye anaelewa gia ya belti vizuri bado ni wa kutafuta, na skuta zinaongezeka town, na bagi za kukodisha zinalika kila siku kwa mchanga. Kijana au dem mwenye atajifunza kupima rola, kusoma mstari wa makapeni na kuchagua springi kwa sababu, si kwa rangi, hatakosa mboka. Vifaa vya kuanzia vinaingia kwa begi moja ya mgongoni.

Na kama wewe ni wa kukodisha tu na kujibamba, pia una haki zako. Kabla ulipe, uliza belti ilibadilishwa lini. Washa, uache sailensa: ikianza kutambaa yenyewe, springi ndogo zimechoka au sailensa iko juu. Toka pole pole: ikitetemeka, shuu zina ngori. Ukiskia harufu ya mpira kabla hata hamjaondoka, omba ingine.

Njiani ukipata msee amekwama kando na kifuniko kinatoa moshi, usimpite na vumbi. Simama, acha gia ipoe, umwazime spana ya nane. Halafu muulize nani alimuuzia hiyo springi, na kama yeye alimwambia muuzaji anaenda nayo wapi.